Pesa za Wafadhili Zapita Kwale, Hazilali

Januari 20, 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Machi mwaka huo huo, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Ilipofika Julai 1, USAID yenyewe ikawa haipo tena. Uingereza nayo ilikuwa imeshasema, tangu Februari, kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027.

Habari hizo zimeandikwa sana na sina haja ya kuzirudia. Mimi nataka kuuliza swali moja ambalo hapa kwetu halijaulizwa vya kutosha. Pesa hizo zilipokuwa zikija, zilikuwa mkononi mwa nani?

Nauliza kwa sababu kilichobaki baada ya magari yenye nembo kuondoka ndicho kinachotoa jibu. Zunguka leo Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango. Utakuta kikundi cha akina mama bado kinakutana chini ya mwembe. Kamati ya wavuvi bado iko bandarini. Mama anayefuatilia wagonjwa kijijini bado anawapigia simu, kwa salio lake mwenyewe. Lakini hawana ofisi, hawana akiba, wala hawana mtu anayelipwa. Baada ya miaka mingi ya miradi, wale waliofanya kazi yenyewe wamebaki na fulana, vyeti vya kuhudhuria warsha na madaftari yenye nembo za watu wengine.

Hoja yangu ni hii. Tatizo letu kubwa si kwamba pesa hazikuja Kwale. Zilikuja, lakini kwa masharti ambayo hayakumwachia mwenyeji kitu cha kumsimamisha siku mfadhili akiondoka. Na kabla hatujawalaumu wageni peke yao, sisi wenyewe tunatoa sadaka na michango yetu kwa tabia hiyo hiyo.

Ahadi na hesabu

Wafadhili wenyewe wanajua kuna upungufu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, serikali tajiri na mashirika makubwa walitia saini mapatano waliyoyaita Grand Bargain. Waliahidi kwamba ifikapo 2020, angalau asilimia 25 ya pesa za misaada ya dharura zitawafikia watoa huduma wa nchi husika, moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika ukapita. Mwaka 2022, pesa zilizokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji zilikuwa asilimia 1.2.

USAID nayo ilitoa ahadi yake. Novemba 2021, mkuu wake wa wakati huo, Samantha Power, alisema robo ya ufadhili itakwenda kwa mashirika ya wenyeji katika muda wa miaka minne. Mwaka wa fedha wa 2022 walifika asilimia 10.2. Mwaka uliofuata wakarudi nyuma hadi 9.6. Halafu shirika lenyewe likafungwa kabla ya ahadi kutimia.

Mtu anaweza kusema kwamba wenyeji ni ghali au hawana uwezo. Mwaka 2022, Share Trust na Warande Advisory Centre walifanya hesabu wakakuta kinyume chake: mashirika ya wenyeji yanayosimamia pesa na kuzigawa yanaweza kufanya kazi ile ile kwa gharama nafuu kwa asilimia 32 kuliko ya kimataifa. Sababu haihitaji darasa. Mwenyeji halipiwi nyumba ya kupanga Nairobi, halipiwi karo ya mtoto katika shule ya kimataifa, na hapandi ndege kuja kutazama kijiji alichozaliwa.

Mwenyeji ni nani?

Hata hizo asilimia 10 zinahitaji kuulizwa maswali. Washington ikisema "mwenyeji", inamaanisha nani?

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Kuanzia 2016, kazi kubwa ya USAID katika afya na Ukimwi kwenye kaunti za Pwani, Kwale ikiwemo, ilipitia mradi wa Afya Pwani. Aliyeuongoza ni Pathfinder International, shirika la Marekani. Mradi huo ulipokwisha ukaja Stawisha Pwani, na safari hii uongozi ukapewa LVCT Health, shirika la Kikenya lenye makao yake Nairobi. Hiyo ni hatua, na haifai kubezwa. Shirika la Kikenya likiongozwa na Wakenya kupewa mradi mkubwa namna hiyo ni jambo ambalo miaka 20 iliyopita lingekuwa ndoto.

Lakini ukisimama kwenye geti la hospitali ya Msambweni, Nairobi bado iko mbali. Kaunti hii ina watu 866,820 kwa hesabu ya 2019. Ina vikundi vya wagonjwa, vya vijana, vya walemavu na vya wakulima wa mwani. Katika jedwali la mfadhili, vikundi hivi havionekani kama mwenyeji anayeshika pesa. Vinaonekana kama watu wa kufikiwa. Kiswahili cha miradi kinawaita "walengwa", na mlengwa hashiki upinde.

Ndiyo maana amri ya kusimamisha kazi ilipotoka Washington, ilishuka ngazi zote kwa siku chache: mfadhili, shirika kuu, shirika la chini yake, kikundi. Kijijini hakukuwa na mtu aliyekuwa na akiba ya miezi mitatu ya kumwambia muuguzi au mhamasishaji aendelee kwanza, tutaona mbele. Akiba haikuwepo kwa sababu mikataba haikuruhusu iwepo.

Pesa hupungua njiani vipi?

Nimekuwa katibu wa kujitolea wa kikundi cha kijamii kwa miaka kadhaa, na diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, kwa hiyo mikataba hii nimeisoma. Acha niieleze kwa lugha ya kawaida.

Kwanza, kila anayeshika pesa hukata gharama zake za kuendesha ofisi. Hilo ni halali, kwa kuwa ofisi haiendeshwi kwa maombi. Sheria ya Marekani iliruhusu shirika lisilo na kiwango maalum kujikatia asilimia 10 kwa ajili hiyo, na Oktoba 2024 ikapandishwa hadi 15. Mashirika makubwa yana viwango vyao vya juu zaidi. Lakini kikundi cha chini kabisa, kile kinachokwenda Mwangulu kwa bodaboda, mara nyingi huambiwa: "Ninyi mnapewa pesa za shughuli tu." Yaani pesa za mahema, chai, nauli na karatasi. Kodi ya chumba kikundi kitajua chenyewe. Mshika hesabu afanye kazi kwa ajili ya Mungu.

Pili, mkataba ni mfupi. Miezi sita, tisa, mwaka. Mwezi wa kwanza unakwisha kwa kufungua akaunti na kutafuta sahihi tatu. Mwezi wa mwisho unakwisha kwa ripoti. Katikati hapo ndipo unatakiwa ubadilishe tabia ya watu kuhusu ndoa za mapema.

Tatu, makaratasi. Pendekezo la mradi linaandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kwenye fomu ya intaneti inayojifunga usiku wa manane saa za Ulaya. Mzee wa Majoreni anayejua kila mwamba wa samaki na kila mwezi wa kufunga pweza hawezi kuijaza. Kijana wa Nairobi ambaye hajawahi kukanyaga Majoreni anaijaza kwa siku mbili. Basi anayepata pesa ni mwenye kujua fomu, na mwenye kujua bahari anaitwa baadaye kuwa mtoa ushuhuda.

Nne, jina. Kikundi chetu kiliwahi kukaa siku nzima na maafisa wa shirika moja kubwa, tukawaeleza mpango wetu wa kuwafuatilia wasichana walioacha shule kwa ajili ya mimba. Waliandika, wakapiga picha, wakatushukuru. Mwaka uliofuata mpango ule ulirudi Kwale ukiwa na jina la Kiingereza na bajeti yake, sisi tukaalikwa kama wahamasishaji wa posho ya siku. Shirika silitaji, wala sidai walivunja sheria yoyote. Nasimulia tu kwa sababu kila kiongozi wa kikundi niliyezungumza naye, kuanzia Tiwi hadi Vanga, ana kisa kinachofanana na hicho.

Pwani na jicho la shaka

Kwetu sisi kuna mzigo wa ziada ambao vikundi vya Kisumu au Nyeri haviubebi kwa kiasi hiki. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilichapisha orodha ya majina 86 ya watu na taasisi walioshukiwa kuhusishwa na ugaidi. Ndani yake mlikuwa na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyasafisha, na Novemba mwaka huo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Kwa hiyo kisheria yalishinda. Lakini fikiria shirika linalokaa kwa miezi bila kulipa mshahara wala kodi. Fikiria pia ujumbe uliofika kwa vikundi vidogo visivyo na wakili: kuwa na jina la Kiislamu na akaunti ya benki Pwani kunaweza kukuletea matatizo.

Wakati huo huo, pesa zilizokuwa nyingi kwa Pwani zikawa za kupambana na itikadi kali. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo nchini kuwa na mpango wake wa kaunti kuhusu suala hilo. Sisemi halikuwa tatizo. Vijana wetu walipotea, wazee wa nyumba kumi waliuawa, na familia zilizobaki zinajua uchungu wake. Ila ukimuuliza mwananchi wa Bongwe au Mwabungo orodha yake, angekuambia hatimiliki ya shamba, maji, kazi ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne, na mahali pa kuegesha mashua pwani ambako hoteli zimeziba njia. Kikundi kilichotaka kufanya kazi ya ardhi kilijifunza upesi kuandika neno "itikadi kali" kwenye pendekezo lake ili kipate kusikilizwa. Hivyo ndivyo mwenye pesa anavyochagua ugonjwa wa mgonjwa.

Mgala muue, na haki umpe

Wafadhili wana hoja zao, na baadhi ni za kweli.

Kukagua hesabu za ruzuku ya shilingi laki tano kunakula karibu muda ule ule wa kukagua milioni hamsini. Afisa mmoja wa Nairobi hawezi kusimamia vikundi 200 vya vijijini. Na tukubaliane, kuna vikundi vyetu ambavyo mwenyekiti ndiye mwanzilishi, mweka hazina ni mkewe, na daftari la hesabu linalala kwenye mkoba. Kuna vilivyosajiliwa wiki moja kabla ya tangazo la ufadhili na kufa wiki moja baada ya pesa kwisha. Mfadhili aliyeumwa na nyoka wa namna hii akiona ukamba hushtuka.

Usajili nao una ngazi zake. Vikundi vingi vya kwetu viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mashirika yenye hadhi kubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile iliyopitishwa 2013 ikakaa kabatini miaka 11, hadi ilipoanza kutumika Mei 14, 2024. Wafadhili wengi wanataka cheti cha ngazi ya juu. Kukipata na kukitunza kunataka katiba, bodi, ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Yote hayo yanagharimu pesa za kuendesha ofisi, zile zile ambazo mikataba hainuii kulipa. Kikundi kinaambiwa hakipewi pesa kwa sababu hakina mifumo, na hakina mifumo kwa sababu hakipewi pesa.

Kwa hiyo hofu ya mfadhili inaeleweka. Nisichokubali ni dawa anayoitumia. Kama mtu hana mshika hesabu mzuri, msaada ni kumlipia mshika hesabu, si kumpelekea msimamizi kutoka mbali kila mwaka.

Gazi wameonyesha kuwa inawezekana

Tuna mfano wetu wenyewe, na uko dakika chache tu kutoka barabara kuu ya Lunga Lunga. Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na serikali, na hewa ya ukaa inayozuiliwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa kwa wanunuzi wa nje kupitia utaratibu wa cheti cha Plan Vivo. Wanasayansi wa KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walisaidia kupima. Shirika dogo la hisani lililosajiliwa Scotland, ACES, linashughulikia mauzo. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Watu huusifu mradi huu kwa ajili ya mikoko. Mimi nautazama kwa ajili ya mpangilio wa pesa zake. Makubaliano ni ya miaka 20, si miezi tisa. Kijiji kinakaa kikao na kuchagua pesa za mwaka ziende wapi, na zimekwenda kwenye maji na shule, mambo ambayo hakuna afisa wa mazingira angeyaandika kwenye bajeti ya mikoko. Kamati ni ya wenyeji na kazi ina mratibu wake. Mtu wa kati yupo, lakini ni mdogo na kazi yake inajulikana: kuuza na kutoa ripoti. Haamui kama Gazi inahitaji kisima au semina.

Na uzoefu huo haukubaki Gazi. Vanga, Jimbo na Kiwegu walianza mradi wao wa aina hiyo mwaka 2019, kwenye eneo la zaidi ya hekta 400.

Sitaki kuupamba. Pesa zenyewe si nyingi. Wanunuzi wako nje, na soko la hewa ya ukaa linaweza kubadilika kama siasa za Washington zilivyobadilika. Lakini kama kuna afisa wa ufadhili anayesema wanakijiji hawawezi kushika pesa, kupima, kuripoti kwa viwango vya kimataifa na kuendelea zaidi ya miaka kumi, aje Gazi.

Kuna mfano wa zamani zaidi pia. Miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan asaidie watoto wao waanze shule wakiwa tayari bila kuiacha dini yao. Mwaka 1986 kazi hiyo ilianza Mombasa, ikiongozwa na Bi Swafiya Said, na baadaye ikavuka hadi Zanzibar na Uganda. Shule za chekechea za madrasa ziliundwa na kamati za vijiji, hapa Kwale zikiwemo, na mpango ukaja na wazo la kuziwekea shule zilizokomaa mfuko mdogo wa kudumu, ambao jamii inachanga sehemu yake na mfadhili anaongeza. Mfadhili alikuwa anafikiria siku atakapokuwa hayupo, jambo ambalo miradi mingi iliyokuja baadaye ililisahau.

Na sisi je?

Hapa ndipo baadhi ya wasomaji wangu watakunja uso, lakini lisemwe.

Pwani si maskini wa kutoa. Ramadhani ikifika, vyakula vya futari vinamwagika kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. Kukiwa na msiba, kikundi cha WhatsApp kinakusanya laki moja kabla ya magharibi. Kukitangazwa ujenzi wa msikiti, mabati yanapatikana. Tuna watu wetu Ghuba, Uingereza na Marekani wanaotuma pesa kila mwezi. Tuna wenye maduka Ukunda na wenye hoteli Diani.

Lakini tunatoa nini? Tunatoa kinachoonekana. Jengo, chakula, sanda. Nenda umwambie tajiri wetu mmoja kwamba kituo cha watoto wenye ulemavu kinahitaji shilingi elfu ishirini na tano kila mwezi za kumlipa mwalimu na za umeme, kwa miaka mitatu. Atakuuliza kama anaweza kuleta mchele. Halafu tunamcheka Mzungu kwa kulipia mahema bila kulipia mshahara.

Na ajabu ni kwamba babu zetu walishalijibu swali hili. Wakfu ni nini, kama si pesa za kuendesha ofisi? Mtu alikuwa akijenga msikiti Mombasa au Lamu, na pembeni akiweka nyumba mbili au shamba la minazi kuwa wakfu. Kodi na nazi zilinunua mafuta ya taa, zikamlipa imamu, zikatengeneza kisima. Alijua kuta peke yake hazisalishi. Hakuomba picha ya taa ikiwaka kila robo mwaka. Leo wataalamu wanaiita kwa majina mapya, na bilionea MacKenzie Scott wa Marekani amesifiwa dunia nzima kwa sababu tangu 2020 anayapa mashirika pesa nyingi bila kuyapangia matumizi. Center for Effective Philanthropy ilifuatilia waliopewa kwa miaka mitatu, na kile kilio kwamba wangeanguka pesa zikiisha, kwa wengi hakikutokea. Mtoaji aliyeweka shamba la minazi Lamu asingeshangazwa na matokeo hayo.

Tufanye nini sasa

Misaada iliyopungua haitarudi ilivyokuwa. Zitakazobaki zitagombaniwa zaidi, na wenye fomu nzuri watatangulia tena kama hatutabadilisha masharti. Napendekeza mambo manne.

Kwa wafadhili: kila shilingi ya shughuli iende na senti zake za ofisi hadi ngazi ya mwisho. Kama shirika kuu linakata asilimia 15, kikundi cha Kinango kipate asilimia 15 pia. Mikataba iwe ya miaka mitatu kwenda mbele. Mapendekezo yapokelewe kwa Kiswahili, hata kwa sauti iliyorekodiwa. Na kila mkataba utaje tarehe ambayo kikundi cha chini kitaanza kupokea pesa moja kwa moja, la sivyo huyo wa kati atakuwa wa kati milele.

Kwa serikali ya kaunti: Kombani na Matuga hazikosi maafisa wa maendeleo ya jamii. Waanzishe daftari la wazi la miradi yote ya mashirika ndani ya Kwale, lionyeshe nani analeta kiasi gani, kwa kazi gani, na kiasi gani kinashikwa na wenyeji. Pia kuna ile asilimia 10 ya mrabaha wa madini ambayo Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea jamii. Base Titanium ilimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024. Kila pesa ya haki hiyo inayofika isitumike yote kwa mabati na madawati. Sehemu iwekwe mfuko wa kudumu.

Kwa vikundi vyetu: tubandike hesabu ukutani. Kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, kila baada ya miezi mitatu, msikitini, kwa chifu na bandarini. Mwenyekiti awe na mwisho wa muda wake. Vikundi vitano vya tarafa moja vinaweza kumwajiri mshika hesabu mmoja wakagawana mshahara wake. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji kuaminiana.

Kwa sisi tunaotoa: misikiti na Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa wafikirie wakfu mpya ambao manufaa yake ni kuendesha kazi za jamii: kliniki, kituo cha walemavu, msaada wa kisheria wa ardhi. Chumba kimoja cha duka Ukunda kikiwekwa wakfu kinaweza kumlipa mtu mmoja maisha yake yote. Masheikh wetu watueleze mipaka ya zaka na upana wa sadaka, ili mtu asidhani thawabu iko kwenye saruji peke yake.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, lakini sisemi tuache kupokea. Pesa nyingi za dunia zilitokana na mali ya mabara kama letu, na kupokea sehemu yake si ombaomba. Ninachotaka ni tuache kupokea kwa masharti yanayotuacha tulivyokuwa. Mara nyingine ukialikwa kwenye warsha katika hoteli ya Diani, kabla hujatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, nyoosha mkono uulize kwa adabu: mradi huu ukiisha, nani hapa Kwale atabaki na mshahara, ofisi na akiba? Jibu likiwa ni hakuna, basi liandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.